Charlie Chaplin: Kutoka Makao ya Mafukara hadi Filamu ya The Kid

Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wamejadiliana kwa muda mrefu iwapo maisha ya msanii yana nafasi yoyote katika ufasiri wa kazi yake. Wapo wanaoshikilia kwamba kazi ya sanaa ikishatoka mikononi mwa mtunzi hujitegemea. Wapo wengine wanaoamini kuwa mtunzi na utunzi wake ni kama chanda na pete. Makala haya hayanuii kuumaliza mjadala huo. Yanadhamiria kusimulia maisha ya msanii mmoja aliyepitia makao ya watoto mafukara, akaja kutengeneza filamu mashuhuri kuhusu mtoto aliyetupwa. Aidha, yanakusudia kuonyesha kwamba filamu hiyo haikuunakili utoto wake, bali iliujibu. Msanii huyo ni Charles Spencer Chaplin, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Charlie, na filamu yenyewe ni The Kid ya mwaka wa 1921.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini jarida la Kiswahili limshughulikie Mwingereza aliyejipatia umaarufu Marekani kwa filamu zisizo na sauti. Sababu ni mbili. Kwanza, mtoto aliyeachwa ni mhusika tunayemfahamu vyema katika fasihi yetu. Kongowea wa riwaya ya Siku Njema (1996) ya Ken Walibora ni mwana wa mwimbaji wa taarabu ambaye hakumjua babake, na aliyeonja ukatili wa walezi baada ya mamake kufariki. Assumpta Matei naye, katika Chozi la Heri (2014), anawasawiri watoto waliotenganishwa na jamaa zao. Pili, mhusika aliyebuniwa na Chaplin alifika katika pwani yetu zamani, ingawa alikuja na jina jingine na kwa kupitia Bahari ya Hindi, kama itakavyobainika baadaye.

Kuzaliwa na Kuvunjika kwa Nyumba

Chaplin alizaliwa jijini London tarehe 16 Aprili 1889. Babake, aliyeitwa pia Charles, alikuwa mwimbaji katika kumbi za muziki na vichekesho zilizopendwa mno na watu wa tabaka la chini nchini Uingereza. Mamake, Hannah, alikuwa mwimbaji vilevile na alijulikana jukwaani kwa jina la Lily Harley. Katika nyumba hiyo alikuwamo pia Sydney, mwana wa Hannah aliyezaliwa mwaka wa 1885, ambaye alikuja kuwa nguzo ya maisha ya nduguye.

Ndoa hiyo haikudumu. Charlie alipokuwa bado mdogo sana, wazazi wake walitengana. Baba alizama katika ulevi na mara nyingi hakupeleka pesa za matumizi. Mama alijitahidi kuwakimu wanawe kwa kuimba, lakini sauti yake ilianza kumsaliti. Kwa mwimbaji, sauti ndiyo jembe, na jembe likivunjika shamba halilimwi. Hannah aligeukia kazi ya kushona nguo kwa malipo duni, na polepole vyombo vya nyumbani vikauzwa au kuwekwa rehani. Maradhi ya kichwa yalimwandama, na hatimaye hata cherehani haikuweza kuiokoa familia hiyo.

Miaka ya Hanwell

Katika Uingereza ya wakati huo, fukara aliyeshindwa kabisa kujikimu alikuwa na mlango mmoja wa kubisha, nao ulikuwa wa makao ya mafukara. Makao hayo yaliendeshwa kwa mujibu wa Sheria ya Mafukara ya mwaka wa 1834. Falsafa iliyoongoza sheria hiyo ilikuwa kwamba msaada utolewe kwa namna ya kukera, ili asiyekuwa na dhiki ya kweli asivutiwe nao. Kwa sababu hiyo, aliyeingia alivuliwa nguo zake akavishwa sare, na jamaa walitenganishwa: wanaume upande wao, wanawake upande wao, na watoto upande wao.

Charlie alipitia lango la makao ya aina hiyo mtaani Lambeth mwaka wa 1896, akiwa na umri wa miaka saba, pamoja na mamake na Sydney. Walipokwisha kuingia wakatenganishwa. Katika kumbukumbu alizoziandika uzeeni, alieleza jinsi alivyoshtuka alipomwona mamake siku ya kutembelewa, akiwa amevaa sare ya makao na kuonekana mzee ghafla. Baada ya wiki chache, ndugu hao wawili walipelekwa Hanwell, nje kidogo ya jiji, kwenye shule kubwa ya bweni iliyojengwa kwa ajili ya watoto mayatima na mafukara. Walisafirishwa kwa gari la kuuzia mikate lililokokotwa na farasi. Mtoto wa miaka saba aliifurahia safari hiyo, kwa kuwa hakujua alikokuwa akienda.

Shuleni Hanwell, Charlie alitenganishwa na Sydney pia, kwani wavulana waligawanywa kwa umri. Novemba mwaka huohuo Sydney alihamishwa na kupelekwa kwenye meli ya Exmouth, iliyotumiwa kuwafunza wavulana maskini ubaharia. Charlie alibaki pale peke yake. Shule ilimpa chakula, kitanda na elimu. Ndiko alikojifunza kuandika jina lake. Hata hivyo, palikuwa na viboko. Wavulana waliodaiwa kukosa waliadhibiwa kila Ijumaa mbele ya wenzao, na yeye mwenyewe alichapwa kwa kosa ambalo hakulitenda. Alipopatwa na mapunye alinyolewa kichwa chote, akapakwa dawa ya aidini na kutengwa na wengine. Mtoto aliyepatwa na ugonjwa huo alidharauliwa na wenziwe, nao wakimchungulia kwa mbali. Aliishi Hanwell kwa takribani mwaka mmoja na nusu, hadi Januari 1898.

Kutoka huko hakukuwa mwisho wa dhiki. Kufikia kiangazi cha mwaka wa 1898 familia ilikuwa imerudi tena kwenye makao ya mafukara, na watoto wakapelekwa shule nyingine ya aina hiyo mtaani Norwood. Agosti mwaka huo, Hannah alifanya jambo ambalo mwanawe hakulisahau. Aliomba kuondoka makaoni pamoja na wanawe. Kwa kuwa sheria haikuweza kumzuia, walirudishiwa nguo zao na kufunguliwa lango. Hawakuwa na pa kwenda. Walishinda katika bustani ya Kennington, wakanunua chakula na matunda kwa senti chache alizokuwa nazo Sydney, wakaviringisha karatasi za gazeti kuwa mpira na kuurushiana. Jioni ilipokaribia walirejea makaoni, wakajiandikisha upya, na taratibu zote za kupokewa zikaanzwa tena. Bila shaka wasimamizi walikereka. Mama huyo hakuwa na nyumba wala fedha ya kuwapa wanawe, akawapa siku moja ya kuwa pamoja.

Mwezi uliofuata Hannah alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Cane Hill. Watoto walikabidhiwa baba yao, aliyekuwa akiishi na mwanamke mwingine, nao wakakaa huko kwa miezi miwili ya ugomvi na ulevi. Baba mwenyewe alifariki mwaka wa 1901 kabla ya kutimiza miaka 40.

Kutoka Barabarani hadi Jukwaani

Mwishoni mwa mwaka wa 1898, Charlie alijiunga na kundi la watoto wacheza ngoma lililoitwa Eight Lancashire Lads na kuzunguka nalo katika kumbi za Uingereza. Hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake ya kweli. Alijifunza kuusoma uso wa hadhira, na kujua kwamba kicheko hakiji kwa kubahatisha bali kwa vipimo.

Mwaka wa 1903 msiba ulimrudia. Akiwa na umri wa miaka 14, alirudi nyumbani na kuambiwa na watoto wa jirani kwamba mamake amerukwa na akili. Hannah alikuwa amepita mlango hadi mlango akigawa vipande vya makaa ya mawe na kudai ni zawadi. Kijana huyo alimshika mkono mamake, wakaenda kwa miguu hadi hospitalini. Sydney alikuwa safarini baharini. Charlie hakumfunulia mtu kwamba ameachwa peke yake, maana alijua maafisa wakipata habari watamrudisha Hanwell. Alijiepusha na mwenye nyumba, akashinda na wapasuaji kuni, na nyakati nyingine akalala nje, hadi nduguye aliporudi. Ni muhimu kulizingatia jambo hili: mtoto aliyekuwa na njaa aliona ni heri barabara kuliko taasisi iliyompa chakula.

Muda mfupi baadaye, alipata nafasi ya kuigiza katika tamthilia kuhusu mpelelezi Sherlock Holmes. Mwaka wa 1908 alijiunga na kampuni ya vichekesho ya Fred Karno, na ziara za kampuni hiyo zikamfikisha Marekani. Huko aliajiriwa na studio ya Keystone kwa mshahara wa dola 150 kwa wiki. Mnamo Februari 1914 watazamaji walimwona kwa mara ya kwanza akiwa amevaa suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa, kofia ya duara na masharubu mafupi, mkononi ana bakora. Huyo ndiye Mzururaji. Alikuwa fukara asiye na makazi, lakini mwenye adabu za muungwana. Kufikia mwaka wa 1916, studio ya Mutual ilikuwa ikimlipa Chaplin dola 10,000 kwa wiki. Mwaka wa 1919 yeye, Mary Pickford, Douglas Fairbanks na D. W. Griffith walianzisha kampuni ya United Artists ili wasanii wamiliki na kusambaza kazi zao wenyewe.

The Kid: Kisa na Maana Yake

Mnamo Julai 1919, mke wa kwanza wa Chaplin, Mildred Harris, alijifungua mtoto wa kiume aliyeishi siku tatu tu. Wiki chache baada ya mazishi, Chaplin alianza kazi ya filamu kuhusu Mzururaji na mtoto. Alikuwa amemwona mvulana mdogo, Jackie Coogan, akicheza jukwaani pamoja na babake jijini Los Angeles, akavutiwa na kipaji chake cha kuigiza kila aonyeshwalo. Utengenezaji ulichukua zaidi ya mwaka. Ndoa ilipovunjika na mawakili wakatishia kuitwaa filamu, Chaplin aliikimbiza hadi mji wa Salt Lake City, akaihariri akiwa hotelini. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Januari 1921.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Mwanamke asiye na mume anatoka katika hospitali ya hisani akiwa na mtoto mchanga. Kwa kukata tamaa, anamwacha mtoto ndani ya gari la kifahari pamoja na kijibarua cha kuomba atunzwe. Wezi wanaliiba gari hilo, na walipogundua kuna mtoto wanamtupa kichochoroni penye taka. Mzururaji anamwokota. Mwanzoni anajaribu kila hila amwondoe mikononi mwake: anamtia katika kigari cha mtoto wa mama mwingine, anamkabidhi mzee mpita njia, na hata anafikiria tundu la maji machafu. Hatimaye anakisoma kijibarua na kumpeleka kwenye chumba chake cha darini. Miaka mitano inapita. Mtoto anavunja vioo vya madirisha kwa mawe, na mlezi wake, fundi wa vioo, anatokea baadaye kana kwamba kwa sadfa na kulipwa kuvitengeneza. Wanakula pamoja, wanaomba dua pamoja, na mtoto ndiye apikaye.

Mgogoro unazuka mtoto anapougua. Daktari anapotambua kwamba Mzururaji si baba mzazi, anaarifu makao ya mayatima. Maafisa wanafika na lori. Mkuu wao hamsemeshi Mzururaji moja kwa moja, bali hupitisha maswali kwa msaidizi wake, kana kwamba maskini hastahili kuulizwa. Mtoto anatupwa ndani ya lori kama mzigo, naye ananyoosha mikono akilia. Mzururaji anaponyoka mikononi mwa polisi, anapita dirishani, anakimbia juu ya mapaa, anajirusha ndani ya lori na kumkumbatia mwanawe. Mwishowe mama mzazi, ambaye sasa ni mwigizaji tajiri, anampata mtoto, na Mzururaji anakaribishwa nyumbani kwake.

Hapa ndipo tunapoweza kulinganisha maisha na sanaa. Chumba cha darini kinafanana na chumba alichoishi Chaplin na mamake. Lori la mayatima linakumbusha lile gari la mikate lililompeleka Hanwell. Hata hivyo, kuna tofauti moja kubwa. Mwaka wa 1896 hakuna aliyekimbia juu ya mapaa. Babake hakuja, na mamake alikuwa amefungiwa katika jengo jingine. Msanii hakurudia yaliyompata. Alimwandikia mtoto mlezi ambaye yeye mwenyewe hakumpata. Yamkini ndiyo sababu tukio hilo humliza mtazamaji ambaye dakika chache awali alikuwa akicheka.

Isitoshe, filamu hii inatoa hoja ya kijamii. Adui ndani yake si mama aliyemwacha mwanawe, kwani mama huyo anasawiriwa kwa huruma. Si umaskini pekee pia, maana chumbani mwa Mzururaji mna uhaba wa kila kitu isipokuwa mapenzi. Adui ni utaratibu unaoamini kwamba asiye na mali hawezi kuwa na malezi. Maafisa wa makao si majambazi. Ni waajiriwa wanaotekeleza sheria, na ukatili wao umo katika kutouliza mtoto anampenda nani. Chaplin aliirudia hoja hii katika Modern Times (1936), ambamo binti anafiwa na baba aliyekuwa hana kazi, na wadogo zake wawili wanachukuliwa na maafisa huku yeye akitoroka.

Waliobaki Nje ya Picha

Itakuwa si haki kumsifu msanii huyu bila kutaja mapungufu yake, hasa kwa kuwa mapungufu yenyewe yaliwagusa watoto. Mildred Harris alikuwa na umri wa miaka 16 alipoolewa naye mwaka wa 1918. Lita Grey, aliyeigiza kama malaika katika The Kid akiwa na miaka 12, aliolewa na Chaplin mwaka wa 1924 akiwa na miaka 16, ilhali Chaplin alikuwa na miaka 35. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka wa 1927 kwa kesi iliyosikika kila mahali. Mtu aliyeuelewa mno unyonge wa mtoto katika sanaa hakuuona unyonge wa wasichana waliokuwa karibu naye.

Mwaka wa 1931, akiwa ziarani London, Chaplin aliitembelea shule ya Hanwell. Watoto walimshangilia, naye aliwachekesha na kuahidi kurudi na zawadi ya mashine ya kuonyeshea filamu. Siku ilipowadia hakufika. Zawadi zilipelekwa na wasaidizi wake, na watoto waliokuwa wakimngoja wakavunjika moyo. Wapo waliomlaumu kwa majivuno. Huenda pia maumivu ya kurudi mahali pale mara ya pili yalimshinda. Lolote liwalo, watoto wa Hanwell walijua maana ya kumngoja mtu asiyekuja.

Jackie Coogan naye ana kisa chake. Baada ya The Kid alikuwa miongoni mwa watoto waliojulikana zaidi duniani, akaigiza pia kama Oliver Twist mwaka wa 1922. Mapato yake ya utotoni yalikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 3 na 4. Alipokuwa mtu mzima aligundua kwamba mamake na baba wa kambo wameyatumia. Aliwashtaki mwaka wa 1938 na kuambulia takribani dola 126,000 tu. Kutokana na kesi hiyo, jimbo la California lilipitisha mwaka wa 1939 sheria ya kulinda mapato ya waigizaji watoto, na hadi leo sheria hiyo hujulikana kwa jina lake. Mtoto aliyeigiza yatima mwenye mlezi mwema aliporwa na wazazi wake halisi.

Mzururaji Afika Pwani

Tumetaja awali kwamba Mzururaji alifika kwetu kupitia Bahari ya Hindi. Aliyemleta ni Raj Kapoor (1924–1988), mwigizaji na mwelekezi wa India, ambaye hakuficha kwamba alimwiga Chaplin. Katika Awaara (1951) na Shree 420 (1955), Kapoor alivaa suruali fupi na kofia, akatembea kama Chaplin, ila yeye aliimba. Awaara inamhusu mwana wa hakimu aliyezaliwa barabarani baada ya babake kumfukuza mamake. Anapoiba mkate kwa sababu ya njaa anafungwa, na kutoka hapo anaangukia mikononi mwa mwizi. Mwaka wa 1954 Kapoor alitayarisha Boot Polish, inayowahusu ndugu wawili, mvulana na msichana, wanaolazimishwa kuomba barabarani na shangazi katili, nao wanataka kula kwa jasho lao kwa kung'arisha viatu.

Filamu hizi zilipendwa mno katika miji ya pwani. Mwanahistoria Laura Fair ameonyesha jinsi Awaara ilivyowateka watu wa Unguja katika miaka ya hamsini. Mombasa nayo ilikuwa na kumbi kama Regal na Naaz, ambako filamu za Kihindi zilikuwa chakula cha kila wiki. Wengi waliotazama hawakujua Kihindi, sembuse jina la Hanwell. Walichokielewa ni mtoto aliyekataliwa na mlango wa babake.

Kisa hicho hakikuwa kigeni kwao. Kisauni, Wamishenari wa CMS walianzisha Freretown mwaka wa 1875 ili kuwapokea waliookolewa katika majahazi ya watumwa, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi waliolelewa shuleni bila kuwajua jamaa zao. Karne moja baadaye, miji yetu ilikuwa na watoto wa mitaani tuliowaita chokoraa, jina ambalo lenyewe ni tusi. Mwaka wa 2003 serikali ya Kenya iliunda hazina ya kuzirekebisha familia za mitaani, na watoto wengi wakaondolewa barabarani na kupelekwa katika vituo.

Mwandishi wa makala haya aliitazama The Kid kwa mara ya kwanza Chaani, mtaa wa Changamwe unaokaliwa na vibarua wengi wa bandarini na viwandani. Ilikuwa katika kibanda cha video ambamo kwa kawaida huonyeshwa filamu za mapigano na mpira wa Uingereza. Hapakuwa na mtafsiri, na hakuhitajika. Lori lilipotokea, watoto waliokaa sakafuni walisimama na kumpigia Mzururaji kelele akimbie. Baadhi yao walikuwa wameshawahi kuliona karandinga likiwabeba wenzao. Hakuna mhakiki anayeweza kueleza umaanani wa filamu hiyo kuliko kelele zile.

Siku za Mwisho

Mwaka wa 1921 Chaplin alimleta mamake California, akamtunza hadi alipofariki mwaka wa 1928. Mwaka wa 1943 alimwoa Oona O'Neill, akazaa naye watoto wanane. Misimamo yake ya kisiasa ilimfanya ashukiwe kuwa mkomunisti, na mwaka wa 1952, alipokuwa njiani kwenda London, kibali chake cha kurejea Marekani kikafutwa. Alihamia Uswisi na familia yake. Mwaka wa 1971, akiwa mzee wa miaka 82, aliirudia The Kid, akaipunguza na kuitungia muziki. Mwaka wa 1972 alialikwa Marekani kupokea tuzo ya heshima ya Oscar, na mwaka wa 1975 Malkia wa Uingereza akamtunukia cheo cha Sir. Aliaga dunia tarehe 25 Desemba 1977 nyumbani kwake Uswisi, akiwa amezungukwa na jamaa zake. Kwa mtu aliyeanza maisha kwa kutenganishwa na kila aliyempenda, hiyo haikuwa tunu ndogo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba The Kid si tawasifu, na pia si ndoto tupu. Ni jibu la mtu mzima kwa swali aliloachiwa na utoto wake: je, kama angalikuwapo mtu wa kulifuata lile gari? Wahenga walinena kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kwa kuwa Chaplin aliijua adhabu hiyo, hakuhitaji maneno kuieleza.

Swali hilo halijapitwa na wakati hapa Kenya. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001, na ile ya mwaka wa 2022 iliyochukua nafasi yake, zinatambua haki ya mtoto kulelewa na wazazi. Mwaka wa 2017 serikali ilisitisha usajili wa makao mapya ya watoto, na mwaka wa 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kuwahamisha watoto kutoka makaoni hadi kwenye familia. Wapo wanaohofia kwamba familia zenyewe ni maskini mno. Hofu hiyo ina msingi, kwani mkono mtupu haulambwi. Lakini jibu la umaskini wa mlezi ni kumsaidia mlezi, wala si kumpokonya mtoto. Hannah Chaplin alihitaji dawa, kodi ya nyumba na kazi yenye malipo ya haki. Alichopewa ni sare na lango.

Wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika jambo hili. Tunapowachambua watoto walioachwa katika riwaya na tamthilia zetu, tusikomee katika kuwaorodhesha chini ya maudhui ya malezi na umaskini. Tuulize pia mtunzi amempa nani jukumu la kulikimbilia lori, na iwapo hakumpa mtu, tuulize ni kwa nini.